Mkazo na mikato ya silabi katika maneno ambatani ya Kinorwe

Msomaji anayeishi Drammen, ambaye anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, ameniandikia hivi: “Shikamoo, mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Norwe, na mitihani ya kusoma na kuandika nimefaulu. Lakini nikisema barnehage, sykehus au oppholdstillatelse, watu hunitazama tu mpaka niwaandikie kwenye simu, ingawa kila herufi naitamka. Nakosea wapi? Na jambo la pili: maneno haya yakifika mwisho wa mstari yanakatwa wapi? Mwalimu wetu wa jioni ananichorea mstari mwekundu kila mara, mara kwa kukata pasipofaa, mara kwa kutenganisha neno ambalo mimi naona ni maneno mawili.”

Marahaba. Umeuliza maswali mawili, lakini ufunguo wake ni mmoja, nao ni mshono, yaani mahali ambapo neno moja limeunganishwa na jingine ndani ya neno refu. Anayeujua mshono ulipo anajua mkazo auweke wapi, irabu ipi airefushe, herufi “sk” azisomeje, na mstari aukatie wapi. Asiyeujua atatamka kila herufi kwa uangalifu, kama unavyofanya wewe, na bado ataombwa arudie.

Tuanze na mazoea tunayotoka nayo nyumbani. Msemaji wa Kiswahili huzipa silabi zote muda unaokaribiana, kisha huikazia silabi ya pili kutoka mwisho. Hafikirii jambo hilo, kwa sababu lugha yake haimlazimishi kulifikiria. Tunayo maneno machache sana ambayo mkazo hubadili maana yake, na linalotajwa darasani siku zote ni barabara: baraBAra hupita magari, na kazi iliyofanywa baRAbara haina dosari. Zaidi ya hapo, mkazo hukaa kwenye kituo chake hata neno likirefushwa namna gani. Tukiunganisha mwana na sheria tukapata mwanasheria, mkazo wa “mwana” huzimika, na unaobaki ni ule wa “ri” peke yake. Katika Kiswahili, neno linaloungwa mbele hunyenyekea kwa lile la nyuma.

Kinorwe hufanya kinyume chake. Neno la kwanza ndilo linalobaki na mkazo mkuu, na yote yanayofuata, yawe moja au manne, hunyenyekea kwake. Chukua barnehage, ambalo limeundwa kwa “barn”, mtoto, na “hage”, bustani, nalo ni jina la chekechea. Silabi zake ni nne: BAR-ne-ha-ge. Wewe, kwa desturi ya Kiswahili, unasema bar-ne-HA-ge. Mnorwe anayekusikiliza hutarajia mkazo mkuu umwonyeshe neno linaanzia wapi. Akiusikia kwenye “ha” anadhani neno lenyewe ni “hage”, kisha anashangaa ni bustani ipi unayoizungumzia na ni nini ulichonong’ona kabla yake. Herufi zote zimemfikia, ila zimemfikia zikiwa zimepangwa kwa namna ambayo sikio lake halikuizoea. Hali ni hiyo hiyo kwa sykehus, “nyumba ya wagonjwa”, ambalo ni SY-ke-hus, na kwa jina la mahali unapofanyia kazi, sykehjem, ambalo ni SY-ke-hjem.

Sasa, mshono unautafutaje? Njia nzuri ni kukumbuka kwamba mpangilio wa maana katika maneno haya ni kinyume cha wetu. Sisi tunataja kitu kwanza, kisha tunakieleza: chokoleti ya maziwa, maziwa ya chokoleti. Wanorwe hueleza kwanza, kisha hutaja kitu chenyewe: melkesjokolade ni aina ya chokoleti, na sjokolademelk ni aina ya maziwa. Neno la mwisho ndilo linaloamua hata jinsia ya kisarufi, ndiyo maana tunasema “en barnehage” kwa sababu ni “en hage”, na “et sykehus” kwa sababu ni “et hus”. Kwa hiyo neno refu la Kinorwe lianze kusomwa kutoka nyuma unapotafuta maana, halafu kutoka mbele unapotafuta mkazo. Mkazo, ukitazama vizuri, huangukia sehemu inayopambanua: ni nyumba ya nani, ni bustani ya nani.

Kati ya sehemu mbili mara nyingi huchomekwa herufi ya kuunganishia, “s” au “e”, na herufi hiyo daima ni mali ya sehemu ya mbele. Arbeidsplass, mahali pa kazi, ni arbeids-plass, wala si arbeid-splass. Julegave, zawadi ya Krismasi, ni jule-gave. Ile “s” ina faida kubwa kwa msomaji, kwani hujitokeza mara nyingi pale ambapo sehemu ya mbele yenyewe tayari ni neno lililoungwa. Glasi ya mvinyo ni vinglass, bila “s”, lakini glasi ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass, na “s” hiyo hukuonyesha kwamba “rød” na “vin” vilishonwa pamoja kwanza, ndipo glasi ikafuata.

Ukikosea mshono, hukosei mkazo peke yake. Tazama neno solskinn, mwanga wa jua. Mshono wake ni sol-skinn, na kwa kuwa “sk” iko mbele ya “i”, inatamkwa karibu na “sh” yetu. Mtu akilikata sols-kinn, anapata “k” mbele ya “i”, na sauti hiyo ni nyingine kabisa, laini, inayotokea kati ya ulimi na kaakaa. Isitoshe, “kinn” ni shavu. Herufi moja ikihamia upande wa pili wa mshono, mwanga wa jua unageuka shavu la jua. Vivyo hivyo kulturuke, wiki ya utamaduni, ni kultur-uke, lakini jicho la mgeni, na wakati mwingine hata la mwenyeji, hukimbilia kul-turuke na kuona wiki ya matembezi ya kufurahisha. Na fastlege, yule daktari wako wa kudumu, ni fast-lege. “Tl” hizo hukutana kwa bahati tu na hazina uhusiano.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya wanaoanza hulipitia upesi mno. Hufundishwa kwamba mkazo uko “mwanzoni mwa neno”, na kanuni hiyo hufaa kwa barnehage na sykehus, kisha inakuangusha benki. Kanuni iliyo sahihi ni kwamba mkazo mkuu hukaa kwenye silabi ambayo ingekaziwa kama neno la kwanza lingesimama peke yake. Kulipa ni “betale”, na kiambishi “be” hakikaziwi, kwa hiyo kadi ya kulipia, betalingskort, ni be-TA-lings-kort. Namba ya simu, telefonnummer, ni te-le-FON-num-mer. Kituo cha polisi ni po-li-TI-sta-sjon, na hospitali ya chuo kikuu ni u-ni-ver-si-TETS-sy-ke-hus, ambamo unapita silabi nne nyepesi kabla ya kufika penye uzito. Lahaja nyingi za mashariki na za Trøndelag, eneo la katikati ya nchi, huvuta mkazo wa maneno ya kigeni hadi silabi ya kwanza, na utawasikia wazee wakisema BU-tikk na STA-sjon. Usishangae, na wala usijisumbue kuwaiga.

Neno la pili haliachwi likafa. Hubaki na mkazo mdogo, na mkazo huo hukaa pale pale ambapo ungekuwa kama neno hilo lingesimama peke yake. Kituo ni “stasjon”, kinachokaziwa mwishoni. Kwa hiyo katika politistasjon mkazo mkuu uko kwenye TI na mdogo kwenye “sjon”. Duka la vyakula, matbutikk, lina mkazo mkuu kwenye MAT na mdogo kwenye “tikk”. Silabi ya “bu” iliyo katikati haina chochote, nayo ipite haraka.

Urefu wa irabu nao hufuata mkazo. Katika Kinorwe silabi iliyokaziwa ni lazima iwe nzito: ama irabu yake ni ndefu, ama irabu ni fupi na konsonanti inayofuata inashikiliwa kwa muda. Ndiyo tofauti ya “tak”, paa, na “takk”, asante, na sikio la Mnorwe haliichezei tofauti hiyo. Neno likiingia kwenye muungano huingia na urefu wake: katika hustak, paa la nyumba, “u” ni ndefu na “a” nayo inabaki kuwa ndefu, ingawa ya pili imepungua kidogo. Katika matpakke, chakula kile cha kubeba kazini, “a” ya kwanza ni ndefu, na ya pili ni fupi ikifuatwa na “k” unayoishikilia. Kisha kuna “e” zisizokaziwa, kama zile mbili za barnehage, ambazo si “e” ya Kiswahili hata kidogo. Ni sauti hafifu isiyofunguliwa mdomo vizuri, kama mtu aliyeanza kusema kitu akaghairi. Uaminifu wetu kwa irabu, ambao katika Kiswahili ni sifa, huku huzipa silabi zisizostahili uzito ambao husikika kama mkazo.

Kwa vipimo hivyo turudi kwenye oppholdstillatelse, kibali cha ukaazi, neno ambalo nadhani limewatoa jasho watu wengi kuliko jingine lolote katika lugha hii. Linaishia kwenye “tillatelse”, kibali. Mbele yake kuna “opphold”, ukaaji, pamoja na “s” ya kuunganishia. Mshono mkuu basi ni oppholds-tillatelse, na silabi ni sita: OPP-holds-til-la-tel-se. Mkazo mkuu uko OPP, ambako “o” ni fupi na “p” inashikiliwa. Mkazo mdogo uko kwenye “til”, kwa sababu “tillatelse” ikiwa peke yake hukaziwa hapo. Mazoea ya Kiswahili yanakupeleka kwenye “tel”, mbali kabisa na mahali ambapo karani anasikilizia. Lijaribu hivi: sema OPP peke yake mara tatu huku ukigonga meza kwa kiganja, kisha uendelee na yaliyobaki bila kugonga tena. Mkono ukitaka kugonga “tel”, uzuie.

Kuna mtego mwingine, na huu hauko mdomoni bali sikioni. Kwetu silabi iliyokaziwa hurefuka kidogo na sauti yake huinuka, kwa hiyo tumejifunza kuutafuta mkazo pale sauti inapopanda. Huko kwenu Drammen, kama Oslo na mashariki kwa jumla, sauti ya neno hupanda kuelekea mwisho, na silabi ya mwisho isiyo na mkazo wowote ndiyo inayosikika ikiwa juu. Nimewahi kuwa na wanafunzi walioapa kwamba wamemsikia jirani akisema barne-ha-GE. Walisikia vizuri kimo cha sauti, lakini walikipa maana ya nyumbani. Unapowasikiliza wenyeji, acha kufuata sauti inapopanda na ufuate silabi inapokaa muda mrefu.

Kupanda na kushuka huko ni sehemu ya toni, ambazo ni mbili, na hutenganisha maneno kama “bønder”, wakulima, lenye toni ya kwanza, na “bønner”, maharage, lenye toni ya pili, yanayofanana kwa kila sauti kwa kuwa “d” haitamkwi. Katika maneno ambatani, kama sehemu ya kwanza ina toni ya pili inaposimama yenyewe, neno zima litakuwa na toni hiyo. Ikiwa sehemu ya kwanza ni ya silabi moja, hakuna kanuni fupi ya kukupa. Sehemu kubwa ya Finnmark, kaskazini kabisa mwa nchi, watu huzungumza bila tofauti hiyo ya toni na wanaelewana na nchi nzima, kwa hiyo toni iache ije yenyewe, mkazo usiuache.

Sasa ile mistari myekundu. Kinorwe huandika neno ambatani kwa pamoja, na uandishi huo ni picha ya matamshi: mkazo mkuu mmoja, neno moja. Ukiandika “en norsk lærer” kwa nafasi, unayasoma kama maneno mawili yenye mikazo miwili, mkubwa ukiwa kwenye LÆ, na maana yake ni mwalimu ambaye ni Mnorwe. Ukiandika “en norsklærer”, mkazo mkuu uko NORSK, na maana yake ni mwalimu wa somo la Kinorwe, hata akiwa amezaliwa Tanga. Mimi ni wa aina hii ya pili. Wenyeji nao huchomeka nafasi pasipohitajika, na mifano ya kosa hilo hurudiwa mashuleni kwa kicheko: røykfritt ni mahali pasiporuhusiwa kuvuta sigara, ilhali “røyk fritt” ni amri ya kuvuta upendavyo; lammelår ni paja la mwanakondoo, na “lamme lår” ni mapaja yaliyopooza. Kabla ya kuweka nafasi, litamke neno. Ukigonga meza mara moja, lishone.

Mwisho wa mstari, kanuni ya kwanza ni kukata kwenye mshono: barne-hage, syke-hus, politi-stasjon, oppholds-tillatelse. Ikibidi kukata ndani ya sehemu isiyo na mshono, konsonanti moja huhamia mstari unaofuata, kama ha-ge, na zikiwa zaidi ya moja huhamia ile ya mwisho, kama num-mer na tel-se. Herufi mbili zinazowakilisha sauti moja, kama “sj”, hazitenganishwi, ndiyo maana ni sta-sjon. Kuna jambo moja ambalo naamini limekuletea mstari mwekundu bila maelezo: Kinorwe hakiandiki konsonanti tatu zinazofanana kwa mfululizo, kwa hiyo “natt” na “tog” huwa nattog, treni ya usiku, na “buss” na “sjåfør” huwa bussjåfør, dereva wa basi. Lakini ukikata neno hilo mwishoni mwa mstari, herufi iliyofichwa hurudi: natt-tog, buss-sjåfør. Si kosa la chapa.

Mshono hauzuii konsonanti kurundikana. Angstskrik, ukelele wa hofu, lina sauti sita za konsonanti mfululizo kati ya irabu zake mbili, na ulimi wetu ungependa kuzipunguzia mzigo kwa kuchomeka irabu. Usikubali, hasa mwishoni mwa neno. Legevakt, huduma ya daktari wa dharura, ni LE-ge-vakt. Ukiongeza “i” ukasema legevakti, umejitegea mwenyewe, kwa sababu neno limepata silabi mpya na mkazo wa Kiswahili unarukia VAK papo hapo. Wala mshono hauzuii sauti kuathiriana: huko mashariki “r” ikikutana na “s” huyeyuka kuwa sauti moja ya “sh”, hata kama moja iko upande huu wa mshono na nyingine upande ule, na vårsol, jua la majira ya kuchipua, husikika kama våshol. Magharibi, Bergen au Stavanger, ambako “r” hutoka kooni, hutalisikia jambo hilo.

Zimebaki chache zinazokaidi kanuni. Kristiansand, mji ulioanzishwa mwaka 1641 na kupewa jina la Mfalme Christian wa Nne, hukaziwa mwishoni, SAND, na Kristiansund hukaziwa SUND. Ni heri iwe hivyo, kwa maana tofauti ya majina hayo mawili iko kwenye silabi hiyo tu, na hata hivyo kwa miaka mingi iliwabidi waongeze herufi S ya kusini na N ya kaskazini ili barua zisipotee.

Namba nazo hukaziwa mwishoni. Ishirini na tano ni tjuefem, na mkazo ni tjue-FEM. Thelathini na mbili ni tretti-TO. Mpangilio huo ni wa tarehe 1 Julai 1951. Kabla yake ilisemwa femogtyve, “tano na ishirini”, na msukumo mkubwa wa kuubadilisha ulitoka upande wa simu, ambako namba zilikuwa zikichanganywa. Wazee unaowahudumia huenda bado wanahesabu kwa namna ile ya zamani, kwa hiyo mmoja akikutajia umri wake, sikiliza vizuri ipi ni makumi. Namba za simu za Norwe zina tarakimu nane, na mara nyingi husomwa mbilimbili. Mpokezi atakapokuuliza yako, peleka mkazo mwishoni mwa kila jozi ya aina hiyo bila wasiwasi.